Mikono Inapopoteza Wepesi: Jinsi ya Kutambua na Kutibu Ugwe wa Mgongo Uliobanwa Shingoni

Mshonaji kofia wa Lamu akianza kushindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano, kila mtu husingizia macho. Hununuliwa miwani. Miwani isipofaa, husemwa ni uzee, au ni sukari, au baridi imeingia vidoleni. Huku nyuma vishikizo vya kanzu vinamchukua dakika tano, ndara inamtoka mguuni asijue, na akiteremka ngazi za gati lazima amshike aliye karibu naye. Shingo haimuumi, kwa hivyo hakuna anayeifikiria. Ndivyo ugwe unavyobanwa miezi na miaka bila kujulikana, na kila mwezi unaopita hupunguza nguvu zitakazorudi baada ya matibabu.

Mwongozo huu tumewaandikia familia za Lamu na Malindi, pamoja na wahudumu wa zahanati wanaomwona mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwa daktari anayefaa, akiwa na maelezo yanayofaa, kabla hajachelewa.

Kinachobanwa ni nini

Tukisema "uti wa mgongo" kwa kawaida tunachanganya mifupa na kilichomo ndani yake. Hapa tutatenganisha. Mifupa ni pingili. Ugwe ni ule mshipa mkuu wa fahamu, mnene kama kidole kidogo cha mkono, unaoshuka kutoka ubongoni ndani ya mfereji wa pingili. Shingo ina pingili 7. Mfereji wake, ukiupima kutoka mbele kwenda nyuma, ni takriban milimita 17 kwa mtu mzima, na ugwe wenyewe huchukua 8 hadi 10. Mfereji ulio chini ya milimita 13 huhesabiwa mwembamba, na wako watu waliozaliwa nao hivyo bila kujua.

Umri ukisonga, diski zilizo kati ya pingili hukauka na kutokeza nyuma, mfupa huota vijino pembeni, na kano linaloshikanisha pingili kwa nyuma hunenepa. Mara nyingi nafasi huisha kati ya pingili ya 5 na ya 6. Mtu akiinua uso, lile kano hukunjamana na kuingia ndani ya mfereji, nafasi ikazidi kupungua. Ndiyo maana mwenye mfereji mwembamba huweza kuzidiwa na jambo dogo: kupaka chokaa dari kutwa nzima, kulaza shingo kwenye beseni la saluni, au kuanguka kwa uso kwenye kizingiti.

Visababishi vingine si vya uzee: kifua kikuu kilichoingia mifupani, saratani iliyosafiri kutoka matiti, tezi dume au mapafu, usaha uliojikusanya karibu na ugwe, baridi yabisi ya miaka mingi iliyolegeza pingili mbili za juu, na majeraha. Wagonjwa wa aina hii hawangoji miezi. Tutawarudia.

Dalili zinavyokuja

Mikono huwa ya kwanza. Tatizo lake kwa kawaida si maumivu, ni kupoteza wepesi. Mtu anaangusha kikombe. Anashindwa kufunga ndoana kwenye mshipi, kusuka ukili, kuhesabu noti, kuandika ujumbe wa simu bila kukosea kila herufi. Sahihi yake inabadilika. Ukiweka ya mwaka jana kando ya ya leo utaona mistari imekatikakatika. Vidole vina ganzi, mara nyingi mikono yote miwili, na ganzi hiyo haifuati kidole kimoja au viwili tu.

Miguu hufuata, au huanza pamoja na mikono. Mgonjwa husema miguu ni mizito, au imekakamaa, au "kama natembea juu ya godoro". Hupanua hatua ili asiyumbe. Gizani huwa mbaya zaidi, na ishara moja ya kuulizia kwa makini ni hii: akifumba macho kunawa uso wakati wa kutawadha, huyumba au hujishikiza ukutani. Miguu yake imeacha kuuambia ubongo iko wapi, kwa hivyo macho ndiyo yaliyokuwa yakimsimamisha.

Baadhi yao, wakiteremsha kidevu kifuani, iwe katika rukuu au wakiinama kutafuta kitu, husikia kitu kama stima kikishuka mgongoni hadi mikononi au miguuni. Kikitokea hicho, shingo ichunguzwe hata kama hakuna dalili nyingine.

Haja ndogo huja mwisho: kukimbilia chooni, kuanza kwa shida, au mkojo kubaki kibofuni. Watu huona haya kuyasema haya, hasa mbele ya watoto wao. Muulize mzee mkiwa wawili tu. Kukosa nguvu za kiume nako kumo humo, na hakutajwi kamwe mpaka kuulizwe.

Maumivu ya shingo yanaweza kuwepo au yasiwepo. Hili ndilo linalowapoteza wengi.

Vipimo vya nyumbani

Vifanywe kwa mtu ambaye dalili zake zimekuja polepole. Aliyeanguka au kugongwa asipimwe hivi; nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya majeraha hapa chini.

Kipimo chenye manufaa zaidi ni cha kufumba na kufungua ngumi. Nyosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, mtu mwingine ashike saa ya simu. Kwa sekunde 10 fumba ngumi kabisa na ufungue vidole vyote kabisa, upesi uwezavyo. Mkono mzima hufika mara 20 au zaidi. Chini ya hapo kuna la kuchunguzwa. Kosa la kawaida ni kufumba nusu: mtu anahesabiwa 25 ilhali vidole havikugusa kiganja. Hesabu zile zilizokamilika tu. Tazama pia jinsi mkono unavyofunguka, kwa sababu aliyebanwa ugwe huvichelewesha vidole vya upande wa kidole cha mwisho, na kifundo cha mkono hujikunja ili kuvivuta vifunguke. Pima kila mkono peke yake, andika idadi na tarehe. Mwenye viungo vya vidole vilivyovimba atapata idadi ndogo kwa sababu ya maumivu, kwa hivyo kwake kipimo hiki hakitoshi.

Baada ya hapo, anyooshe mikono mbele na kubananisha vidole vyote kwa sekunde 30. Kidole cha mwisho kikijitenga polepole na kuteleza nje, hasa kikifuatwa na cha pete, hiyo ni ishara.

Kisha miguu. Tafuta mstari ulionyooka, kama kiungo cha vigae sakafuni, au uchore mchangani. Atembee hatua 10, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, wewe ukiwa kando yake tayari kumdaka. Mwisho asimame miguu pamoja, macho wazi kwanza, halafu afumbe kwa sekunde 30. Akisimama vizuri na macho wazi lakini akayumba sana akifumba, andika hivyo.

Mikono mibovu pamoja na miguu mibovu, bila kiharusi kinachojulikana, maana yake shingo ichunguzwe. Ukikumbuka sentensi moja tu katika mwongozo huu, iwe hiyo.

Panapokosewa

Mgonjwa analalamikia miguu, kwa hivyo anapigwa eksirei ya kiuno. Eksirei inaonyesha kiuno kimechakaa, na kiuno cha karibu kila mtu wa miaka 60 kimechakaa, basi kesi inafungwa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Njia ya kuliepuka ni nyundo ya mpira. Mishipa ikibanwa kiunoni, mguu ukigongwa gotini hauruki au huruka kidogo. Ugwe ukibanwa shingoni, goti huruka kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu breki inayotoka ubongoni imekatika njiani. Mhudumu wa zahanati asiye na nyundo anaweza kutumia ukingo wa kiganja au ncha ya stetoskopu yenye mpira.

Aongeze mambo matatu yanayochukua dakika mbili. Ashike kidole cha kati cha mgonjwa kilicholegea, aubonyeze ukucha wake kuelekea chini na kuuachia ghafla: kidole gumba kikijikunja, hasa upande mmoja kuliko mwingine, si kawaida. Apitishe kitu butu kwenye unyayo kutoka kisiginoni, upande wa nje, hadi chini ya vidole: kidole gumba cha mguu kikiinuka juu badala ya kushuka, ubongo au ugwe una hitilafu. Ausukume wayo juu kwa ghafla na kuushikilia: ukidundadunda zaidi ya mara tatu, vivyo hivyo. Ishara hizi zikikosekana haimaanishi mgonjwa ni mzima. Mwenye kisukari cha muda mrefu hasa huweza kuwa na miguu isiyoruka, kwa sababu sukari imeshaharibu mishipa ya pembeni, na ugwe ukabanwa humohumo bila kujitangaza.

Magonjwa yanayofanana nao yanatofautishwa hivi. Mshipa ukibanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi hukaa kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, humwamsha mtu usiku akapunga mkono ukapoa, na miguu haiguswi. Mshipa mmoja ukibanwa unapotoka shingoni, maumivu makali hushuka mkono mmoja, miguu mizima, na wengi hupona katika wiki 6 hadi 12 bila kisu. Kisukari huanzia nyayoni pande zote mbili na kupanda polepole. Kiharusi huja ghafla, upande mmoja, mara nyingi na uso. Upungufu wa vitamini B12 ndio unaofanana zaidi, na wanaotumia metformini, dawa ya sukari, kwa miaka wako hatarini, basi damu ipimwe hata kama shingo inashukiwa.

Shingo isivunjwe

Kinyozi akimaliza kunyoa, wengi hupenda "kumvunja" mteja shingo: kichwa hukamatwa kwa mikono miwili na kuzungushwa ghafla mpaka kilie. Mkandaji naye hufanya hivyo kwa nia njema. Kwa mwenye mfereji mwembamba, mzunguko huo mmoja unaweza kuusaga ugwe dhidi ya kijino cha mfupa na kumlaza papo hapo. Tunaomba sana: mwenye dalili za mikono au miguu asivunjwe shingo na mtu yeyote, asivutwe kichwa kwa kamba na uzito, wala asibebe mzigo kichwani. Kukandwa mabega kwa mafuta ya nazi, shingo ikiwa imetulia, hakuna ubaya. Hijama mabegani haifiki kwenye mfereji, kwa hivyo haibani wala haibanui. Ubaya wake pekee ni muda unaopotea kama imefanywa kuwa badala ya daktari.

Sindano za maumivu za kila wiki hupunguza maumivu na kuuacha ubano pale pale. Kwa mzee mwenye presha huweza kuharibu figo na kutoboa tumbo. Paracetamoli, gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku, ni salama zaidi kwa mtu mzima mwenye ini zima. Kola laini ya shingo haiponyeshi. Ikivaliwa miezi hulegeza misuli iliyokuwa ikiisaidia shingo.

Mambo yasiyongoja hata usiku mmoja

Miguu iliyodhoofika kwa saa au siku chache. Mkojo uliokataa kutoka. Homa pamoja na shingo inayouma hata akiwa amelala. Kukonda, jasho la usiku au kikohozi cha muda mrefu. Mtu aliyewahi kutibiwa saratani. Hawa wapelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha, kifua kikuu na saratani hutibiwa kwa haraka na kwa njia tofauti. Usaha huhitaji antibiotiki za mshipani na mara nyingi kisu. Saratani huanzishiwa dawa ya deksamethasoni kupunguza uvimbe wakati mionzi au upasuaji unapangwa. Kifua kikuu cha mifupa humezewa dawa kwa takriban mwaka mmoja, na dawa hizo ni bure katika vituo vya serikali. Wengi hutembea tena bila kupasuliwa wakiwahi.

Akianguka: mnazi, gati, punda, bodaboda

Pwani yetu ina njia zake za kuvunja shingo. Mkwezi huteleza juu ya mnazi. Vijana hujirusha kichwa mbele kutoka gatini, mahali palipokuwa na kina asubuhi, na wakati wa bamvua maji hushuka kwa mita kadhaa, wakakutana na mchanga. Kabla ya kujirusha, mtu ateremke kwa miguu kwanza apime kina. Hakuna njia nyingine ya kujua.

Aliyeumia majini hageuzwi kwa kuvutwa mkono. Mbanie mikono yake yote miwili juu ya masikio ili kichwa na kiwiliwili viende pamoja, mgeuze uso juu, na umweke akielea hadi ubao ufike. Ikiwa hapumui, pumzi inatangulia shingo: sukuma taya lake la chini mbele kwa vidole viwili nyuma ya pembe za taya, bila kukilaza kichwa nyuma, na uanze kumpulizia.

Nchi kavu, mtu mmoja hupiga magoti kichwani, viwiko vikiegemea chini, mikono ikishika pande mbili za kichwa. Havuti. Akijaribu kukinyoosha na maumivu yakazidi au pakawa na ukinzani, akiache kama kilivyo. Watatu wengine hukaa upande mmoja, begani, kiunoni na magotini. Aliye kichwani ndiye anayehesabu, na kwa neno lake wote humviringisha mgonjwa kama gogo, ubao au mlango uliong'olewa ukisukumwa chini yake. Viringisha leso au vikoi viwili, viweke pande mbili za kichwa, na ufunge juu ya paji la uso baada ya kufunga kiwiliwili, si kabla. Kichwa kikifungwa kwanza na mwili ukateleza, shingo ndiyo inayovutwa. Akitapika, ubao mzima ulazwe ubavu.

Lamu punda na mkokoteni visimbebe. Abebwe na watu hadi gatini. Kwenye boti alazwe chini, katikati au kuelekea tezi, yaani nyuma, kwa sababu omo, upande wa mbele, ndiyo inayogonga mawimbi, na nahodha apunguze mwendo hata kama kila mtu ana haraka. Kutoka Mokowe hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Witu na Garsen, na ubao mgumu kwa saa zote hizo hutoboa ngozi ya mtu asiyesikia. Akishafika hospitali ya kwanza na kutulizwa, ahamishiwe godoro gumu kwa safari inayofuata, matako na visigino vikitiliwa kitu laini.

Wahudumu wajihadhari na mambo mawili. La kwanza ni presha ndogo yenye mapigo ya polepole na ngozi ya vuguvugu: huko si kupoteza damu peke yake, ni ugwe uliokatika mawasiliano na mishipa ya damu. Presha ya wastani ya mishipa (MAP), si ile namba ya juu, idumishwe kati ya takriban 75 na 95 kwa siku 3 hadi 7, kwa maji ya mshipani kwa kiasi na dawa za kubana mishipa. La pili ni mzee aliyeanguka kwa uso, mikono ikalegea ilhali anatembea. Eksirei haionyeshi mfupa uliovunjika, akarudishwa nyumbani. Ugwe wake umepondwa katikati. Huyu anahitaji MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ugwe wenyewe, kama yule aliyevunjika. Ugwe uliojeruhiwa na bado umebanwa ufunguliwe ndani ya saa 24 ikiwezekana, ndiyo maana simu ya rufaa ipigwe kabla boti haijang'oa nanga.

Kufika kwa daktari bingwa

Kwa aliyezidiwa polepole, anzia hospitali ya King Fahd ukiwa Lamu, au hospitali ya serikali ya Malindi, na uombe karatasi ya rufaa kwenda kwa daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko Mombasa, kama kilomita 120 kutoka Malindi. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize siku ya kliniki na iwapo mashine ya MRI inafanya kazi wiki hiyo. Usajili na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, iwe sawa mapema, kwa sababu upasuaji wa kupangwa huhitaji kibali.

Karatasi ya rufaa isiandikwe "maumivu ya mgongo", maana kwa maneno hayo utapangiwa miezi. Iandikwe: mikono imepoteza wepesi tangu mwezi fulani, anayumba, magoti yanaruka kupita kiasi, ashukiwa ugwe kubanwa shingoni, MRI ya shingo inaombwa. Beba na daftari la hesabu za ngumi.

MRI huchukua kama nusu saa bila kutikisika. Sema mapema kama una betri ya moyo au kama umewahi kuchomelea vyuma, kwani kipande kidogo cha chuma jichoni kinaweza kusogea. Ondoka na picha zenyewe, filamu au diski ya kompyuta, si ripoti peke yake. Daktari wa upasuaji huangalia kwa macho yake kama ugwe umebonyea na kama una doa jeupe ndani, ishara kwamba umeshaumia. Kwa upande mwingine, watu wengi wa umri mkubwa wana mfereji uliobana kwenye picha na hawana dalili yoyote. Hawapasuliwi kwa sababu ya picha.

Kutibu

Madaktari hupima ukali kwa alama 18, wakijumlisha mikono, miguu, ganzi na mkojo. Alama 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ya kati, 11 kushuka chini ni kali. Walio katika hali ya kati na kali hushauriwa kupasuliwa. Walio katika hali nyepesi wanaweza kupasuliwa au kusimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sharti kwamba wanapimwa tena na tena, kila miezi 6 au mapema zaidi, na kwamba wakishuka wanapasuliwa bila kuahirisha. Ngumi zilizokuwa 19 zikawa 15 ni kushuka.

Upasuaji una njia mbili. Kwa mbele, daktari hupasua upande mmoja wa koo, husogeza umio na koromeo, hutoa diski inayobana na kuweka kipande cha mfupa au kizimba kidogo, kisha bamba na skrubu. Hufaa sehemu moja hadi tatu zikibanwa, au shingo ikiwa imepinda kwenda mbele. Kwa nyuma, huondoa paa la mfereji na kukaza pingili kwa vyuma, au hulifungua paa hilo upande mmoja kama mlango wenye bawaba. Hufaa sehemu nyingi zikibanwa na shingo ikiwa bado ina mviringo wake. Muulize daktari kwa nini amechagua aliyoichagua. Jibu zuri litataja mambo hayo mawili.

Muulize pia utarajie nini, na usikie vizuri. Lengo la kwanza ni kuuzuia ugonjwa usisonge. Wengi hupata nafuu, hasa katika miezi 6 ya kwanza, na kidogo zaidi hadi mwaka. Ganzi ya vidole huwa ya mwisho kuondoka, na wengine hubaki nayo. Aliyekaa miaka miwili akingoja hurudishiwa kidogo kuliko aliyewahi.

Kabla ya siku hiyo acha sigara, na tambuu yenye tumbaku pia, kwa sababu nikotini huzuia mfupa kuungana. Sukari ishushwe. Na upasuaji wowote mwingine utakaofanyiwa, hata wa ngiri, mwambie daktari wa dawa ya usingizi kwamba shingo yako imebanwa, asije akakilaza kichwa nyuma kutia mpira wa kupumua.

Usiharakishe kurudi kisiwani. Katika saa 24 za kwanza baada ya upasuaji wa mbele, shingo ikivimba na pumzi ikawa nzito, damu imejikusanya ndani, na jeraha hufunguliwa hapo hapo kitandani. Kumeza kwa shida na sauti ya kukwaruza huwapata wengi na huisha baada ya wiki kadhaa. Uji na vyakula laini hutosha. Takriban watu 5 katika 100 hushindwa kuinua mkono mmoja begani siku chache baadaye. Huogopesha sana, lakini wengi hurudiwa na nguvu kwa miezi. Kaa Mombasa au Malindi hadi nyuzi zikaguliwe.

Nyumbani, mazoezi ya vidole hayahitaji vifaa vya kununua. Kuchambua mchele kwenye ungo, punje moja moja kwa gumba na shahada, dakika 10 asubuhi na jioni. Kubana na kubandua vibanio vya nguo kwenye kamba. Kufunga vishikizo, vikubwa kwanza. Njia ya chooni iwekwe taa usiku, mikeka iliyokunjika pembe iondolewe, na ndara zibadilishwe kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Alalie mto mmoja, shingo ikiwa sambamba na mgongo.

Aliyebaki amepooza ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi ya matako, nyonga na visigino ikaguliwe kila siku kwa mwanga mzuri. Weusi au wekundu usiopotea ukibonyezwa maana yake hapo pasilaliwe tena mpaka papone. Kibofu kikitolewa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, iwe kila saa 4 hadi 6, mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Ukizidi, ongeza mara au punguza vinywaji vya jioni.

Na walezi wake wote wajue jambo hili, hata watoto wakubwa wa nyumba. Mtu aliyeumia ugwe shingoni akipatwa ghafla na kichwa kinachogonga, uso ukamwiva, jasho likamtoka juu ya mabega na presha ikapanda, kuna kitu chini ya jeraha kinachousumbua mwili wake, na presha hiyo inaweza kumpasua mshipa wa ubongo. Mketishe wima mara moja, miguu ikining'inia. Legeza nguo. Fuata mpira wa mkojo kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: umejikunja, umelaliwa, au umeziba? Unyooshe. Kama hana mpira, atolewe mkojo. Kama mkojo unatoka vizuri, tafuta choo kilichokwama, kucha iliyoingia nyamani, au kishikizo alichokilalia. Presha ipimwe kila dakika 5 hadi ishuke, na isiposhuka apelekwe hospitali akiwa ameketi, asilazwe.